Msimfiche Mtoto Huyu



Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kumwombea mtoto mchanga. Nilipofika sikuonyeshwa mtoto mara moja. Nililetewa chai, tukazungumza habari za mvua na mahindi. Mwishowe nyanya yake akamleta, amefunikwa shuka. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimepinda kuelekea ndani, zikitazamana, na visigino vimevutwa juu. Mama yake alikaa pembeni asiinue macho. Mzee mmoja akaniambia, "Mchungaji, waulize hawa ni nani aliyekosa."

Niliomba, nikambariki mtoto, nikaenda zangu. Yule mzee sikumjibu. Wala sikusema, "Mpelekeni hospitali." Leo mtoto yule ni kijana. Anakanyagia ubavu wa nyayo, na ngozi yake imekuwa sugu yenye vidonda. Kila nimwonapo hukumbuka kimya changu.

Swali la mzee yule si geni. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama kosa lilikuwa lake au la wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Kisha akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma aende akanawe. Angalieni sana: kwanza aliondoa lawama, halafu alitumia mikono yake.

Basi na sisi tuondoe lawama. Katika kila watoto elfu wanaozaliwa, karibu mmoja huzaliwa na nyayo za namna hii, wavulana kuliko wasichana. Waganga bado hawajui sababu yote, ila wakati mwingine hali hii huonekana katika ukoo mmoja. Mama hakuisababisha kwa kazi aliyofanya, wala kwa chakula alichokula. Si laana.

Tena tutumie mikono. Daktari mmoja aitwaye Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alionyesha njia ambayo sasa inatumika duniani kote, na hapa kwetu Kenya pia. Mifupa ya mtoto mchanga ni laini, na kano zake hunyooshwa kwa upole. Mganga hushika unyayo, akaugeuza kidogo tu, kisha huufunga plasta kutoka vidoleni hadi pajani. Baada ya juma moja plasta hutolewa, unyayo hugeuzwa tena kidogo, na plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida plasta tano au sita hivi hutosha. Watoto walio wengi hukatwa pia kano ya kisigino, kidonda kidogo sana, ndipo hufungwa plasta ya mwisho kwa majuma matatu.

Mama, ukifika nyumbani tazama vidole vya mtoto. Vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, rudi upesi, usingoje siku ya kliniki.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hushindwa. Plasta zikiisha, unyayo umenyoka, lakini kazi haijaisha. Mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, usiku na mchana kwa miezi mitatu, saa 23 kila siku. Baadaye ni wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne au mitano. Mtoto atalia siku za kwanza, na jirani atasema, "Mwonee huruma, mvue." Ukimvua, unyayo hurudi kupinda. Baba, usimwachie mama peke yake mzigo huu. Nauli ya kila juma ni yako pia.

Ni vema kuanza katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Lakini aliyechelewa asikate tamaa. Apelekwe, maana wakubwa kidogo nao husaidiwa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 3 tunasoma juu ya kiwete tangu kuzaliwa, aliyebebwa kila siku hadi mlango wa hekalu ili aombe sadaka. Mara nyingi nawafikiri wale waliombeba. Nguvu walikuwa nazo, na moyo wa kudumu pia, kila siku bila kuchoka. Walimpeleka mahali pa kuomba senti. Ndugu zangu, katika kanisa letu yuko mtoto wa kubebwa. Tumbebe kwenda kliniki. Chama cha akina mama, akina baba, vijana, changeni nauli hiyo.

Nami, nikiitwa tena penye mtoto kama yule, nitaomba, nitamjibu mzee, kisha nitauliza basi linaondoka saa ngapi.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe tuliponyamaza. Uwatie nguvu akina mama wanaongoja, na uibariki mikono ya waganga. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.