Sukari Imetoka Upande wa Nani?

Naomba nianze na chungu.

Nyumbani kwa mama mmoja niliyemtembelea miaka mingi iliyopita hapakuwa na friji. Chupa ya insulini ilikaa ndani ya chungu kidogo, nacho kimewekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni. Aliitoa, akaizungusha viganjani mpaka dawa ikawa kama maziwa, akavuta kwa bomba, akagonga kutoa hewa, akamchoma mwanawe pajani. Kisha akaniuliza: "Daktari, hii sukari imetoka upande wa baba yake au upande wangu?" Mama mkwe, aliyekuwa mkekani akichambua mchele, aliusimamisha ungo.

Nilijibu nilivyosoma. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Karibu nusu ya hatari inayorithiwa imo katika jeni za HLA, kwenye kromosomu ya 6, ambazo kazi yake ni kuionyesha kinga nani mwenyeji na nani mgeni. Hata hivyo, pacha wa kufanana anaweza kuugua na mwenzake akazeeka salama, na watoto wengi wanaougua hawana ndugu yeyote mwenye ugonjwa huo. Nikasema: pande zote mbili, mama, na hakuna wa kulaumiwa. Ungo ukaendelea.

Jibu lilileta amani. Kama lilikuwa sahihi, hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Jeni za ugonjwa huu zilitafutwa zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Tazameni DR7, aina mojawapo ya jeni za HLA. Kwa Wazungu, kundi lake la kawaida huonekana kukinga. Kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika lipo kundi jingine la DR7, limeambatana na jirani tofauti kwenye kromosomu ileile, nalo huongeza hatari. Jina moja, tabia mbili! Kuna pia badiliko katika jeni ya PTPN22, mashuhuri sana Ulaya. Kwa Waafrika ni nadra mno, kwa hiyo kulitafuta kwetu ni kama kuvua samaki kisimani. Alama za hatari zilizokokotolewa kwa Wazungu ni suti aliyopimiwa mtu mwingine: mabega yanapwaya, mikono haifiki.

Mwaka 2025 yakatangazwa matokeo ya utafiti wa YODA, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini kwa watoto na vijana 894 waliokuwa wameambiwa wana aina ya kwanza. Takribani theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zinazoashiria kwamba kongosho limeshambuliwa, na hatari yao ya kijenetiki ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao waliokuwa nazo. Lakini insulini yao ilikuwa imepungua kwelikweli. Mzazi aliyepo ukumbini asije akaenda nyumbani kuficha sindano: mtoto huyo bado anaihitaji, na akiikosa atakufa.

Ni nini basi kilichomaliza insulini yao? Wapo wanaotazama lishe duni, wapo wanaotazama sumu za mazingira, na wapo, mimi nikiwemo, wanaotaka vinasaba vyetu visomwe kwanza. Si kwa fahari ya kitaaluma. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na wale wa Exeter, Uingereza, waligundua kwamba baadhi ya watoto wanaougua kabla ya miezi 6 wana hitilafu katika jeni moja tu, KCNJ11. Wengi wao waliweza kuacha sindano, wakawa wanameza vidonge vya glibenklamidi, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Walikuwa wakiitwa wa aina ya kwanza.

Mtoto wa yule mama hakupimwa kingamwili. Nami sikuagiza kipimo. Nilimweleza bibi yake, kwa uhakika wote wa koti jeupe, asili ya ugonjwa ambao mpaka leo sijui kama ndio aliokuwa nao.