Mvua, ndagala na vifuniko vya chupa: wadogo wetu wajifunze kuhesabu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu wa kujitolea, Baraka)



Niliombwa kusema kidogo juu ya kalasi ya wadogo, wale wa miaka mitatu mpaka sita. Wengi wanauliza: watajifunza hesabu na nini, na vitabu hatuna? Jibu langu: watajifunza na mvua, na shamba, na ziwa.

Kwanza tuelewane. Kuimba namba si kuhesabu. Mtoto anaweza kuimba moja mpaka ishirini bila kukosea, lakini ukimwambia "niletee vifuniko vitano", anakuletea mkono mzima umejaa. Kuhesabu ni kugusa kitu kimoja na kusema namba moja, bila kuruka, bila kurudia. Na namba ya mwisho njo jibu la vyote. Akimaliza, muulize: "Viko vingapi?" Akianza tena tangu moja, hajafika bado. Usimkaripie. Rudieni pamoja.

Pili, lugha. Hapa kuna watoto waliozaliwa mu kambi kule Tanzania, na kuna wenzao ambao hawakutoka Fizi hata siku moja. Kiswahili wote wanacho. Na Kiswahili kinasaidia hesabu: "kumi na moja" inamwonyesha mtoto kumi, halafu moja. Neno la Kifaransa "onze" linaficha ile kumi. Njo maana tuanze na Kiswahili. Kifaransa kitafuata, na kitakuta akili imeshajua.

Sasa kazi yenyewe. Mvua zikianza, Septemba ao Oktoba, tunachukua ubao na kuchora mistari mitatu ya visanduku: jua, mawingu, mvua. Kila siku kabla ya kurudi nyumbani, mtoto mmoja anatazama juu, anasema ameona nini, anaweka kifuniko kimoja. Siku moja, kifuniko kimoja. Mistari yote ianze pahali pamoja, na vifuniko vyote viwe vya ukubwa mmoja. Ukichanganya mawe makubwa na madogo, mawe matatu makubwa yataonekana marefu kuliko madogo matano, na mtoto atadanganyika.

Mwisho wa juma tunauliza: mstari gani ni mrefu? Mvua imezidi jua kwa ngapi? Hili la pili ni gumu. Tuseme mvua ni nne, jua ni mbili. Mtoto apange kifuniko cha mvua na cha jua, wawili wawili kama marafiki. Vinavyobaki bila rafiki, njo jibu. Baadaye anapaka rangi visanduku kwenye karatasi, kimoja kwa kila kifuniko. Hiyo ni grafu tayari.

Mwezi wa sita kiangazi kikifika, mstari wa mvua unaweza kubaki mtupu kabisa. Hapo mtoto anaiona sifuri kwa macho yake.

Mu msimu wa kupanda, kila mtoto apande haragi mu kopo. Kila siku ya tatu tunakata kijiti cha urefu wa mche, tunavipanga kando kando. Vijiti vyenyewe vinaonyesha mche ulivyopanda. Lakini angalieni: mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi, zisiguswe na watoto. Na wa miaka mitatu wasipewe punje ndogo, wanazitia puani na mdomoni.

Wanaokaa karibu na ziwa wanajua: ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika. Mtoto atie alama kila asubuhi: mitumbwi ilitoka, ao haikutoka. Ataona zile siku za kupumzika zinarudi kila baada ya siku 29 ao 30. Amejisomea mwezi mwenyewe.

Jambo la mwisho ni letu sisi wakubwa. Tutaweka pia ubao wa waliofika. Kila mtoto akiingia, anaweka kifuniko chake. Wakati wa kulima na kupanda, mistari itakuwa mifupi, tunajua sisi wote. Kuna familia zilizorudi zikakuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Sasa zinakodi mbali, na mtoto anafuata mama juu hakuna wa kubaki naye. Ubao huo si wa kumpa mtu haya. Ni wa kutuonyesha juma gani tunahitaji wamama wawili wa zamu, wabaki na watoto mpaka jioni, na shamba lao lilimwe na chama. Tulikuwa tunasaidiana kubeba kuni kule kambini, hili halitatushinda.

Kwa wafadhili: hatuombi michezo ya dukani. Tunaomba bati, mbao, chaki, na unga wa uji. Mtoto mwenye njaa hahesabu mbali.

Na kwa kila mzazi: kesho asubuhi mpe mtoto vifuniko kumi vya plastiki, vya aina moja. Ahesabu yeye mwenyewe, mbele yako, kabla ya kutoka nyumbani.