Siri ya Msomaji ni Amana

Wakazi wa Ngoliba,

Mhudumu wa kompyuta katika maktaba akiandika mtandaoni saa za kufungua na vitabu vipya vilivyoingia, humwepushia mkazi safari ya bure hadi Thika. Hiyo ni kazi njema.

Lakini mhudumu huyo pia huona nani ameazima kitabu kuhusu kisukari, na nani anatafuta kazi. Hayo ni amana. Hayaendi kwenye ukurasa wake binafsi, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zenu. Zikianikwa kinyume cha sheria, lalamikeni kwa Kamishna wa Data.

Nanyi mkimaliza kutumia kompyuta ya umma, tokeni kwenye akaunti zenu kabla ya kuinuka. Atakayeketi baadaye hamumjui.