Mboga Isiyopandwa na Mtu

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tutazame jambo linaloanzia shambani. Mvua zikishakolea Dodoma, mlenda, mgagani na mchicha pori hujiotea bila kupandwa. Asubuhi mama anachuma za kutosha sufuria moja, familia inakula na kiporo cha ugali, na hakuna shilingi iliyotoka. Mlenda unaobaki huanikwa, husagwa, ukaliwa kiangazi.

Sasa, kwa nini tulizungumzie leo? Kwa sababu siku hizi mkulima ananunua dawa ya magugu, na dawa haijui kuwa mgagani ni mboga. Tumwelewe: palizi ya jembe la mkono inaumiza mgongo, na vibarua wanadai fedha taslimu. Lakini kwa upande wa pili, anayechuma mpakani mwa shamba la jirani atajuaje limepuliziwa lini? Mimi naona kumwarifu jirani kabla ya kupulizia ni uungwana wa kawaida, wala hauhitaji sheria ndogo ya kijiji.

Swali ninalokuachia ni hili: shamba lina mwenyewe, je, mboga iliyojiotea humo ni ya nani?