Haki ya Kupinga: Viungo vya Usambara na Masharti ya Ulimwengu wa Manukato



 Nimekuja Lushoto jioni hii kuzungumza juu ya harufu nzuri, na juu ya swali zito lililomo ndani yake: nani ana haki ya kuuwekea mipaka mmea unaonukia, na gharama ya mipaka hiyo inamwangukia nani?

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipime nao. Sharti linalolinda mwili wa mtu au uhai wa msitu ni jambo halali. Hata hivyo, nia njema peke yake haitoshi. Anayetunga sharti aoneshe hatari anayoizuia, asivuke kiasi cha hatari hiyo, asimtwishe mnyonge gharama, na amsikilize mzalishaji kabla ya kupiga muhuri. Wananchi wakilipinga sharti lililoshindwa mitihani hiyo, wanatufundisha jambo. Tusiwaite wakaidi.

1. Milima inayonukia

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia pale Amani, Usambara Mashariki. Bustani yake ilijazwa mimea kutoka pande zote za dunia, mingi ikijaribiwa kwa ajili ya biashara. Leo wilaya ya Muheza, iliko Amani, inajulikana kwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mazao haya yamesomesha watoto na kujenga nyumba katika vijiji ambako mahindi peke yake hayamwondoi mtu kwenye dhiki.

Sehemu kubwa ya mavuno huishia kwenye chai, pilau na viwanda vya vyakula. Lakini mimea hii hii ni malighafi ya manukato. Mdalasini, karafuu na iliki hukenekwa, na mafuta yake huingia kwenye chupa za marashi yanayouzwa Paris na Dubai. Ndugu zetu wa Pemba wanalijua hilo vizuri, kwani kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukeneka mafuta hata kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa.

Ndiyo maana nasema milima yetu imezungukwa na masharti ya aina mbili. La kwanza linatoka mbali na linahusu ngozi ya mtumiaji. La pili lipo hapa hapa na linahusu msitu. Yote mawili yamepingwa.

2. Sharti la ngozi

Mwaka 1973 wafanyabiashara wa manukato waliunda chombo chao cha kimataifa, IFRA, ambacho hutoa viwango vya kiasi gani cha kiungo fulani kiingie katika bidhaa. Viwango hivyo si sheria ya nchi, lakini kampuni kubwa zinavifuata, kwa hiyo asiyevifuata hujikuta hana mnunuzi. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2003, ulitaja viambato 26 vinavyoweza kuleta mzio na kutaka viandikwe kwenye lebo vikizidi kiasi kilichowekwa. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa hadi zaidi ya viambato 80.

Kwenye orodha ya kwanza kabisa imo eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Imo pia sinamaldehidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya magome ya mdalasini. Vimo viambato vya waridi, ndimu na mchaichai. Kwa ufupi, viambato vinavyoipa mimea yetu harufu ndivyo vilivyoorodheshwa.

Hatari yenyewe ipo. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilikadiria mwaka 2012 kwamba kati ya asilimia 1 na 3 ya watu wa Ulaya wana mzio wa ngozi unaotokana na viambato vya manukato. Mtu aliyeupata mzio huo huishi nao, na kila akigusana na kiambato husika ngozi huwasha, huvimba na kupasuka. Mtu huyo anastahili kulindwa.

Basi kwa nini watu walipinga? Mwaka 2007 watengenezaji wadogo wa manukato ya asili, wengi wao wa Ulaya na Marekani, walikusanya saini dhidi ya marekebisho ya 40 ya viwango vya IFRA. Hoja zao zinastahili kusikilizwa hata huku milimani. Walisema mafuta ya mmea yana mamia ya viambato vinavyofanya kazi pamoja, na kuyahukumu kwa kiambato kimoja ni kuyahukumu nusu. Walisema kampuni kubwa ikizuiwa kutumia mmea huhamia kwenye kemikali iliyoibuni yenyewe, ilhali fundi mdogo na mkulima wake hawana pa kuhamia. Na walisema gharama ya vipimo ni ile ile kwa anayeuza tani na anayeuza chupa chache.

Hoja ya kwanza siikubali yote, maana kiambato kinachodhuru hakiachi kudhuru kwa sababu kimetoka shambani. Hoja mbili zinazofuata nazikubali bila kusita.

Na upo ushahidi kwamba sharti linaweza kuwa makini zaidi. Kuna kuvumwani anayeota kwenye miti ya mialoni Ulaya, aliyekuwa nguzo ya manukato mengi mashuhuri kwa karibu karne nzima. Uchunguzi ulionesha kwamba viambato vyake viwili, atranoli na kloroatranoli, ndivyo vinavyoleta mzio mkali. Kwa kanuni ya mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliviondoa viambato hivyo viwili sokoni, na muda wa mwisho ukawa Agosti 2021. Kuvumwani mwenyewe hakupigwa marufuku. Wakenekaji walijifunza kumsafisha. Mgonjwa akalindwa, na aliyekuwa akiishi kwa kuvumwani huyo akabaki na kazi.

3. Sharti la msitu

Sasa turudi nyumbani. Iliki hupenda kivuli. Wakulima wa Usambara Mashariki waliipanda chini ya miti mirefu ya msitu wenyewe, wakafyeka vichaka na miche ya chini na kuyaacha majitu ya juu. Kwa mbali msitu ulionekana mzima. Watafiti walipoingia ndani waliona miti michanga haipo, na kwamba iliki ikichoka baada ya miaka kadhaa shamba hugeuzwa kuwa la mazao mengine, na msitu huishia hapo. Misitu hii ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani, na ndiyo inayotunza vyanzo vya maji yanayotegemewa hadi mjini Tanga.

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja zamu ya Derema, ukanda wa msitu unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake. Bikoni ziliwekwa, na zaidi ya wakulima 1,000 wakajikuta mazao yao yamo ndani ya mpaka: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Waliambiwa wasiendelee kulima. Fidia ilihesabiwa kwa mazao, na malipo kamili yakachukua miaka. Katika miaka hiyo mtu alikuwa na mashina ya iliki asiyoruhusiwa kuyahudumia na fedha asizozipata mkononi.

Wakulima wale walilalamika hadharani, na haki ilikuwa upande wao. Tusichanganye mambo hapa. Sababu ya kulinda Derema ilikuwa nzuri, na mimi ningeiunga mkono leo. Kilichokosewa ni mpangilio: sharti lilitangulia, malipo yakafuata kwa kuchechemea. Dunia nzima inafaidika na msitu wa Usambara ukisimama, lakini bili ya kwanza iliwekwa mezani kwa mkulima wa Muheza mwenye eka moja ya iliki.

4. Somo la Mlalo

Hapa Lushoto hatukuhitaji kufundishwa somo hili upya. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ukapanuliwa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kulima matuta, miteremko mikali ikafungwa, na aliyekaidi alitozwa faini. Udongo kweli ulikuwa unaporomoka. Lakini mwenye kishamba kidogo alipoambiwa aache sehemu yake na amalize nguvu zake kwenye matuta, aliona njaa mbele yake. Upinzani ulienea, ukaungana na harakati za TANU za kudai uhuru, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ulikuwa umekufa.

Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, SECAP. Ulihimiza upandaji wa majani ya malisho kwenye kontua, pamoja na miti na ng'ombe wa zizini. Mkulima akaona faida ya kontua katika ndoo ya maziwa. Kazi ya SECAP haikukosa kasoro, lakini kontua nyingi tunazoziona leo zilipandwa na watu walioshawishika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliotunga sheria ya matuta hawakuwahi kulala kwenye kitanda cha Mlalo.

5. Si kila pingamizi ni haki

Ningekosea kama ningewaacha mkidhani kila anayepinga sharti yuko sahihi. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu mwaka 2019 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalosimamia vipodozi. Wauzaji wa mkorogo wanalalamika kwamba wanazuiwa kutafuta riziki. Lakini zebaki huharibu figo, na anayeumia mara nyingi hajaambiwa alichokipaka. Hatari ni kubwa, imethibitika, na hakuna namna ya kuipunguza bidhaa ikabaki salama. Sharti hilo linapita mitihani yangu yote. Lisimame.

6. Tufanye nini

Mwishoni mwa mwaka 2022 Tume ya Ulaya ilipendekeza kanuni mpya za kuainisha kemikali, ambazo zingeyapima mafuta ya mimea kwa kiambato kimoja kimoja. Wakulima wa mrujuani wa kusini mwa Ufaransa walipiga kelele. Walikuwa na vyama, wabunge na takwimu. Kanuni ilipopitishwa mwaka 2024, mafuta ya mimea yalipewa msamaha, na suala litapitiwa upya ndani ya miaka 5.

Mkulima wa karafuu wa Muheza au Pemba hakuwa mezani. Safari hii alinufaika kwa jasho la wengine, na hilo si jambo la kutegemea daima. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, vyama vya ushirika vya wakulima wa viungo vya Tanga, Morogoro, Unguja na Pemba viwe na sauti moja yenye mwanakemia na mwanasheria wake, ipeleke maoni kwa Umoja wa Ulaya na IFRA kabla ya kila kanuni mpya kupitishwa.

Pili, vyuo vyetu vipime mafuta yetu wenyewe. Hatuwezi kupinga kwa hoja kiwango cha mzio ikiwa vipimo vya mdalasini wa Usambara vinafanywa kwingine na watu wengine.

Tatu, bikoni yoyote mpya katika misitu yetu isiwekwe mpaka fidia iwe imelipwa na mkulima awe na zao mbadala linaloanza kumlipa.

Wanafunzi mlioketi hapa, kazi hii ni yenu. Msiogope kupinga sharti, na msione haya kulitetea linapostahili. Jifunzeni kupima hatari na kuhesabu gharama, kisha msimame mahali ambapo ushahidi na haki ya mkulima vinawapeleka.