MICHEZO YA WATOTO WADOGO NYUMBANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Mwea



Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya michezo ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Najua wako watakaouliza: je, mtoto hufundishwa kucheza? Sisi tulifundishwa na nani? Swali hilo ni la haki. Lakini babu zetu hawakuwa na mfereji mbele ya mlango. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yaliletwa mashambani katika miaka ya 1950, na kazi ya kuchimba ilifanywa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mpunga umetulisha na kutusomeshea watoto. Ila katika maji yale yale wamo konokono, na kwa konokono hutoka kichocho cha matumbo, ambacho hupenya ngozi ya mtu aingiapo majini.

Kwa miaka mingi vidonge vya ugonjwa huu vilitolewa hasa kwa watoto wa shule, na wadogo zao wakaachwa. Ni mwaka 2022 tu Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba, mahali penye ugonjwa, hata wa miaka 2 wapewe. Nao ndio wachezao ukingoni mama zao wanapopandikiza mpunga.

Mtoto wa umri huo ataka kushika, kumwaga na kufinyanga, maana ndivyo ajifunzavyo. Tukimkataza bila kumpa kitu, atarudi mferejini. Basi tumwekee beseni uani, na kata, na kibuyu kilichotobolewa. Maji yawe ya mvua au ya bomba. Kama hakuna ila ya mfereji, yakae siku mbili kamili katika pipa safi lenye kifuniko, lisilo na konokono, kwa kuwa vijidudu vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia hufa. Hata hivyo si ya kunywa. Tena mtu mzima asiondoke, kwani mtoto huzama hata katika maji machache.

Udongo wetu mweusi, ambao hunasa matrekta kila masika, ni mzuri mno kwa kufinyanga ng'ombe na vyungu. Uchimbwe pakavu, mbali na mashamba ya mpunga.

Kisha kuna kiondo. Tieni ndani gunzi, jiwe laini, unyoya wa kuku na kipande cha gunia. Mtoto aingize mkono bila kutazama, aseme ameshika nini. Au chukueni mikebe sita, miwili ya maharagwe, miwili ya mchanga, miwili ya mpunga, mfunge barabara. Yeye aitikise na kutafuta pacha kwa sauti. Wazee wanaoikumbuka gicandi hawatashangaa kwamba kibuyu kiliacho kinaweza kufundisha. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto wa maskini mjini Roma mwaka 1907, naye aliwapa watoto vitu vya kugusa na vya kusikiliza, na sifa zake zikaenea duniani. Sisi tulikuwa navyo bila kuviita elimu.

Maharagwe yasiachwe wazi mbele ya mtoto mchanga, huyatia puani. Na mkebe uliowahi kuwa na dawa ya shamba usiguswe kabisa, hata ukioshwa mara kumi.

Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja. Majira ya kupandikiza, kila kijiji kitenge ua mmoja, na nyanya wawili au watatu wakae na watoto hapo tangu asubuhi hadi mama zao warudi. Gharama ni mabeseni, mapipa yenye vifuniko, na posho ya nyanya hao. Naomba jambo hili liandikwe katika shughuli za leo, na wanachama walipigie kura kabla hatujatawanyika.