Shukrani ya Punda Isiwe Mateke

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo katika mikutano ya vikundi huletwa mwisho kabisa, chini ya "mengineyo", wakati watu wamekwisha shika mifuko yao waende nyumbani. Jambo lenyewe ni hili: kumruhusu jirani au rafiki aweke wanyama wake katika shamba lako, halafu baadaye ukajuta. Sisi tunaotembea kutoka kikundi hadi kikundi tumelisikia mara nyingi, na karibu kila mara tunaitwa maji yakiwa yamekwisha mwagika.

Tutazungumza zaidi juu ya punda. Kwa nini punda? Kwa sababu mwenye ng'ombe mara nyingi ana shamba lake, hata kama ni dogo. Lakini mwenye punda, hasa kule kwenye vituo vya biashara, mara nyingi ana chumba cha kupanga, mkokoteni, na basi. Punda wake lazima walale mahali, na mahali penyewe ni kwa mwenzake.

Neno huanza vizuri

Punda ni kazi. Nendeni Mwea wakati wa kuvuna mpunga, nendeni Naivasha au Limuru asubuhi muone mitungi ya maji ikipita, nendeni Lamu muone mchanga na mawe ya kujengea yakibebwa. Kijana mwenye punda wawili na mkokoteni analisha nyumba. Kwa hiyo anapokuja kwako kwa adabu akasema, "Mama, naomba punda wangu walale hapo nyuma, ni wawili tu," unatazama ile sehemu usiyolima, unamtazama kijana, unasema, "Haya mwanangu, walete." Ni vibaya? La, si vibaya hata kidogo. Huo ndio ujirani. Mila zetu hazimsifu mtu anayemnyima mwenzake nyasi.

Shida haiko katika lile "haya, walete". Shida ni yale ambayo hayakusemwa siku hiyo. Mpaka lini? Wangapi? Nani atarekebisha ua? Wakiibiwa itakuwaje?

Majuto huingia polepole

Kuna mama mmoja mjane tuliyemtembelea tukiwa na viongozi wa kikundi chake. Yeye alikuwa amekubali punda wawili. Mwaka wa pili walikuwa watano, maana mwenye punda naye alikuwa amemkaribisha rafiki yake, na rafiki hakujua hata jina la mama. Lango likawa linaachwa wazi alfajiri, kuku na mbuzi wanatoka. Miti ya grevilea aliyopanda mpakani, ambayo ilikuwa akiba yake ya karo, ikaanza kukauka kwa kuwa punda wameitafuna maganda. Mwaka wa tatu ikachimbwa miti ya nguzo, yakawekwa mabati: zizi. Hakuulizwa. Alipouliza aliambiwa, "Ni ya mvua tu, mama."

Halafu usiku mmoja punda wawili wakaibiwa. Mwenyewe alikuja asubuhi na watu, akasema: "Wameibiwa kwako, kwa hiyo utanilipa." Mama akasema basi, ondoeni wanyama wenu. Akajibiwa, "Tumekaa hapa miaka yote hii, ungesema mapema."

Ndugu zangu, huyo mama hakuwa amepokea hata shilingi moja. Alikuwa ametoa nyasi bure, sasa anadaiwa bei ya punda wawili. Na lililomwuma zaidi halikuwa miti wala madai. Ni kwamba yule kijana, ambaye alikuwa akimletea mtungi mmoja wa maji bila kuulizwa kila Jumamosi, sasa anapita njiani bila salamu.

Wazee wetu walisema shukrani ya punda ni mateke. Lakini hebu tuulizane: punda mwenyewe ana kosa gani hapa? Yeye alilala alipopelekwa akala alichokiona. Mateke haya yalitoka kwa watu wawili wazuri ambao hawakuketi chini wakapatana.

Hesabu ambayo haifanywi

Tunaposema "ni nyasi tu", tufanye hesabu kidogo.

Maji. Punda mmoja hunywa kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Punda watano wakinywa lita 20 kila mmoja, hiyo ni mitungi mitano ya lita 20 kila siku. Nani anayateka? Yanatoka kwa tangi la nani?

Nyasi. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzungusha ulimi akavuta nyasi. Punda ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo hukata karibu kabisa na udongo. Sehemu ndogo ikiliwa na punda mwaka mzima bila kupumzishwa hubaki vumbi, na mvua ya kwanza huchukua udongo wa juu. Nyasi zikipungua, ndipo wanapogeukia maganda ya miti.

Afya. Kuna ugonjwa wa pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, hasa farasi na punda. Mtoto anayecheza bila viatu karibu na zizi akachomwa na msumari yuko hatarini asipokuwa na chanjo. Mavi hayo yakioza vizuri ni samadi nzuri sana, lakini watoto wapate chanjo zao zote, na akina mama wajawazito pia wasikose zao kliniki.

Wizi. Tangu mwaka 2016, vichinjio vya punda vilipofunguliwa nchini kwa ajili ya nyama na ngozi za kuuzwa ng'ambo, wizi wa punda uliongezeka sana. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ile ya mwaka 2019 ilionyesha karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikatengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Ni vema, lakini wezi hawasomi magazeti. Anayelaza punda wa mtu kwake analaza mali inayotafutwa.

Sheria inasemaje

Watu wengi hutuuliza kwa hofu: "Akikaa miaka kumi na miwili atachukua shamba?" Tuseme polepole, maana hapa kuna maneno mengi ya sokoni.

Sheria inayoweka muda wa kufungua kesi, Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inampa mtu nafasi ya kwenda mahakamani kudai ardhi ya mtu binafsi aliyoishika kwa miaka 12. Lakini si kila aliyelisha mnyama anaweza kudai hivyo. Lazima awe ameishika ardhi wazi wazi, mfululizo, kama mwenyewe, na bila ruhusa ya mwenye shamba. Sikilizeni hilo la mwisho: bila ruhusa. Aliyekaa kwa ruhusa yako hahesabiwi miaka. Kwa hiyo karatasi fupi inayosema "nimemruhusu" ndiyo ngao yako. Wengine hudhani kuandika kunampa mgeni haki, kumbe kunyamaza ndiko kubaya. Ila mjue pia: ruhusa ikiisha na yeye akabaki akijenga na kuzungushia ua, miaka inaweza kuanza kuhesabiwa. Kwa hiyo ruhusa iwe ya muda, na ikiendelea iandikwe upya kila mwaka.

La pili, ruhusa ya kulaza wanyama si sawa na kukodisha shamba. Ukitaka kukodisha shamba la kilimo, katika maeneo mengi inatakiwa kibali cha bodi ya ardhi chini ya Sura ya 302. Ulizeni kwanza katika ofisi ya Naibu Kamishna wa Kaunti. Na kama shamba ni mali ya mume na mke, wakubaliane wote wawili. Kama ni ploti ya kikundi, mwenyekiti hana ruhusa ya kukaribisha punda peke yake; uamuzi ni wa mkutano, na uandikwe katika kitabu cha kumbukumbu.

Makubaliano yaandikwe siku ya kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha. Muandike haya:

1. Majina ya wote wawili na namba za vitambulisho.
2. Wanyama ni wangapi, na rangi au alama zao. Punda akizaa, au mwingine akiletwa, muongee upya.
3. Ni sehemu gani ya shamba, na kwamba hakuna kujenga chochote bila ruhusa nyingine ya maandishi.
4. Ni kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani.
5. Malipo. Yanaweza kuwa pesa, mitungi ya maji, siku za kubeba mavuno, au samadi. Kama ni bure, iandikwe "bure".
6. Nani anatunza ua, lango na maji.
7. Mnyama akiugua, akiibiwa au akila mimea ya watu, ni juu ya nani.
8. Kila upande utatoa notisi ya siku ngapi ukitaka kuacha. Mwezi mmoja unafaa.

Mashahidi wawili watie sahihi, mmoja akiwa mzee wa kijiji ikiwezekana. Nakala tatu: moja kwako, moja kwake, moja kwa mzee. Asiyejua kuandika asomewe kwa lugha yake, halafu aweke kidole gumba.

Na kama tayari unajuta?

Hapa ndipo wengi huharibu zaidi. Usifunge lango punda wakiwa ndani bila maji. Usiwapige wala usiwawekee sumu. Kumtesa mnyama ni kosa la jinai chini ya Sura ya 360, na wewe uliyekuwa na haki utakuwa mshtakiwa. Usimtangaze mwenyewe kituoni kabla hujamwambia usoni.

Mwite, muketi wawili. Mwambie shukrani kwa mema aliyokutendea, kisha sema wazi: "Nilikupa mahali, sasa nahitaji mahali pangu." Mpe tarehe, si matusi. Umpe muda wa kutosha kutafuta pengine, maana punda hao ni chakula cha watoto wake. Siku hiyo hiyo andikeni kwamba alikaa kwa ruhusa na kwamba ataondoka tarehe fulani. Usimdai malipo ya miaka ile uliyompa bure. Kilichotolewa kwa moyo mzuri hakigeuzwi deni.

Akikataa, nenda kwa wazee wa kijiji, kisha kwa naibu wa chifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inahimiza mapatano na njia za jadi za kusuluhisha ugomvi. Yakishindikana, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kesi hula zaidi ya punda.

Yule mama tuliyemtaja, kikundi chake kilikaa naye pamoja na wazee. Wenye punda walipewa miezi miwili, zizi likabomolewa, dai la wale walioibiwa likafutwa. Nguzo na mabati walienda navyo. Miti haikurudi, na salamu zimerudi nusu.

Na ninyi vijana wenye punda mlio hapa, msisikitike mkidhani tunawafukuza. Kikundi cha wenye mikokoteni kinaweza kukodi mahali pamoja kwa utaratibu, kikajenga zizi moja lenye kufuli, wakagawana zamu za kulinda usiku. Hapo punda yuko salama kuliko nyuma ya nyumba ya mama wa watu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, Abrahamu na Loti walikuwa jamaa, lakini malisho hayakuwatosha na wachungaji wao wakaanza kugombana. Abrahamu hakungoja damu imwagike. Alimwita Loti mapema, wakagawana njia, wakaachana wakiwa bado ndugu. Kuweka mpaka si kukosa upendo. Mara nyingi ndiko kuulinda.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Je, katika kijiji chetu ni nani wanaoweka wanyama kwa wenzao bila maandishi? Walianzaje?
2. Ni kitu gani kinachotufanya tuone haya kuandika makubaliano na jirani?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwezi huu kuwasaidia wajane na wazee wenye tatizo kama hili?
4. Wenye punda wasio na shamba, tunaweza kuwatafutia mahali gani?